Uhakiki wa Boksi la Simu

Katika somo la fasihi wanafunzi hufundishwa kwamba kila andiko lina fani na maudhui. Maudhui ni yale yasemwayo, na fani ni namna yanavyosemwa. Hufundishwa pia kumwuliza mwandishi maswali: anamwandikia nani, ana msimamo gani, amefaulu wapi, na ameshindwa wapi. Aghalabu maswali hayo huelekezwa kwenye riwaya, tamthiliya na ushairi. Lakini wengi wetu, tukishamaliza shule, husoma zaidi maandishi ya namna nyingine: maelezo ya dawa, karatasi ya mfuko wa mbegu, fomu ya mkopo, na maneno yaliyochapwa juu ya boksi la simu. Hayo ndiyo maandishi yanayotutoa fedha mfukoni, nayo hayahakikiwi na mtu yeyote. Nimeona inafaa, basi, nilihakiki moja kati ya hayo, yaani boksi la simu.

Nimelichagua boksi la simu kwa sababu simu si chombo cha kusalimiana tu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi, na kwa watu wengi ndiyo benki pekee waliyo nayo. Ada ya mtoto, fedha ya mbolea na rambirambi za msiba hupita humo. Kwa hiyo anayechagua simu anachagua pia mahali pa kuweka akiba yake. Hata hivyo, mtu ambaye angemzunguka mbuzi mnadani mara tatu kabla ya kumnunua, huchagua simu kwa kusimama kaunta dakika tano akilitazama boksi.

Mezani kwangu yapo maboksi manne, niliyoyaazima kwa majirani na wajukuu. Ni ya simu za bei ya chini na ya kati, kutoka kwa watengenezaji tofauti. Nitayahakiki kama andiko moja kwa sababu yanafanana mno, na sitayataja kwa majina.

Tuanze na fani. Uso wa boksi una picha ya simu iliyojaa rangi za machweo, na chini yake jina la simu likifuatwa na neno la Kiingereza kama Pro, Plus au Max. Maneno haya hayana kipimo. Hakuna sheria isemayo simu iitwayo Pro iwe na kitu gani ambacho nyingine haina. Ni sifa za majigambo, ambapo mtu husimama mbele ya hadhira akajisifu mwenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kwamba kila simu inayojisifu ni mbaya, bali nasema kwamba majigambo si ushahidi.

Mgongoni mwa boksi ndipo penye namba: 50, 8, 128, 5000, 90. Namba zimechapwa kwa wino mzito, na vipimo vyake kwa herufi ndogo. Chini kabisa, kwa maandishi ambayo mimi huyasoma kwa miwani nikiwa dirishani, yapo maelezo yanayotanguliwa na alama ya nyota. Lugha ni Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Kiswahili hakimo hata katika boksi moja kati ya manne, ilhali simu zenyewe zikiwashwa huweza kuwekewa Kiswahili katika mipangilio yake. Kifaa kinakijua Kiswahili, ila boksi linalokiuza halikijui.

Sasa tuingie katika maudhui. Namba inayopewa nafasi ya kwanza ni ya kamera: megapikseli 50. Pikseli ni nukta moja ya picha, na megapikseli ni nukta milioni moja. Mnunuzi huaminishwa kwamba nukta zikizidi, uzuri wa picha nao huzidi. Tufanye hesabu. Karatasi ya A4 ikichapwa vizuri, kwa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Ukizidisha utapata nukta karibu milioni 8.7. Maana yake, picha ya kujaza ukurasa mzima haihitaji hata megapikseli 9. Tena kamera nyingi zilizoandikwa 50 huunganisha nukta nne nne kuwa moja ili zipate mwanga zaidi, na picha inayotoka ni ya megapikseli 12.5. Picha hiyo ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa tena. Kinachopendezesha picha ni ukubwa wa kile kipande kinachopokea mwanga, ubora wa lenzi, na programu inayoitengeneza picha ndani ya simu. Hayo matatu, katika maboksi yangu manne, hayakutajwa.

Namba inayofuata ni ya kumbukumbu. Simu ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni kama ghala: humo hukaa picha, nyimbo, vitabu na programu. Ya pili, iitwayo RAM, ni kama meza ya kazi: simu huweka juu yake kile inachokishughulikia kwa wakati huo. Meza ikiwa ndogo, simu hukwama na kuchelewa hata kama ghala ni kubwa. Boksi moja limeandika RAM GB 8 kwa wino mzito, na nyota pembeni. Ukiifuata nyota hiyo hadi chini unakuta kwamba RAM ya kweli ni GB 4, na GB 4 nyingine zinaazimwa kutoka ghalani. Ghala haliwezi kufanya kazi kwa kasi ya meza, kwa hiyo mnunuzi hakupata simu ya GB 8. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwandishi wa boksi hakusema uongo, maana nyota ipo. Ila amejua kwamba wanaoifuata nyota ni wachache, na amewaandikia wale wasioifuata.

Kuhusu betri sina ugomvi mkubwa. Namba 5000 ni kipimo chenye manufaa, hasa mahali ambapo umeme hukatika au mtu hulipia kuchaji kwa jirani mwenye sola. Lakini namba hiyo ni ukubwa wa tangi, haisemi gari litakwenda umbali gani. Simu mbili zenye betri sawa huweza kuachana kwa saa nyingi kutegemea ukubwa wa kioo na mwanga wake. Kioo kinachojichora upya mara 90 kwa sekunde, kama hilo boksi linavyojivunia, hutumia umeme zaidi kuliko kinachojichora mara 60. Na simu iliyo mahali penye mtandao hafifu humaliza chaji haraka, kwa sababu hutumia nguvu nyingi kuushikilia mtandao huo.

Boksi la nne limeandikwa 5G. Tanzania huduma ya 5G ilizinduliwa mwaka 2022, na ilianzia mijini. Anayeishi mahali inapofika na kuihitaji kwa kazi yake ana haki ya kuilipia. Anayeishi mahali ambapo hata 4G huja kwa kubahatisha anauziwa kitu asichoweza kukitumia huko kwao. Hali kadhalika alama ya IP68, ambayo baadhi ya wauzaji huifasiri kuwa simu haiingii maji. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji, na kipimo chenyewe hufanywa kwa maji baridi yaliyotulia. Mvuvi wa Kilwa au Mafia asiichukue alama hiyo kuwa ahadi dhidi ya maji ya chumvi.

Mhakiki mzuri hatazami yaliyosemwa tu, hutazama pia yaliyonyamaziwa. Boksi la simu lina ukimya wa aina mbili, nao una uzito kuliko namba zote zilizochapwa.

Ukimya wa kwanza ni wa umri. Programu inayoendesha simu huwa na nyufa ambazo wezi huzigundua, na watengenezaji huziba kwa kutuma marekebisho ya usalama. Tangu Agosti 2015 Google imekuwa ikichapisha taarifa za nyufa za namna hiyo katika Android. Lakini kuzibwa kwa nyufa katika simu yako kunategemea kampuni iliyoitengeneza. Mwaka 2023 Google iliahidi miaka saba ya marekebisho kwa simu yake ya Pixel 8, na mwaka 2024 Samsung ikaahidi miaka hiyo hiyo kwa Galaxy S24. Hizo ni simu za bei kubwa. Maboksi yangu manne hayakuandika hata mwaka mmoja. Kwa mtu ambaye simu ni benki yake, jambo hili ni sawa na kununua nyumba bila kuambiwa kama mlango una kitasa. Programu nazo huzitupa simu za zamani: mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Android 4.4, toleo la mwaka 2013. Kwa hiyo simu ya bei poa yenye toleo la zamani, iliyokaa dukani muda mrefu, huweza kuwa imekwisha kuzeeka siku ile unapoinunua.

Ukimya wa pili ni wa matengenezo. Betri huchakaa, hilo ni la lazima kama soli ya kiatu. Zamani ulifungua mfuniko kwa ukucha ukaweka nyingine. Simu nyingi za sasa zimefungwa kwa gundi, na betri hubadilishwa na fundi. Je, kioo chake kinapatikana Singida au Sumbawanga, au mpaka kiagizwe Kariakoo? Boksi halisemi. Mambo haya si kwamba hayawezekani kusemwa. Kuanzia tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa simu mpya zinazouzwa huko watoe marekebisho ya programu kwa angalau miaka mitano baada ya simu kuacha kuuzwa, wawe na vipuri kwa miaka saba, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Kinachoweza kudaiwa na mnunuzi wa Ulaya, na wa kwetu anaweza kukidai.

Je, andiko hili linamwandikia nani? Nimelisoma mara nyingi, na mhusika ninayemwona ni kijana wa mjini, mwenye umeme wa uhakika na bando lisiloisha, ambaye kazi yake kubwa ni kupiga picha na kucheza michezo. Kijana huyo yupo, nami simchukii. Lakini tuwaweke wanunuzi wengine watatu mbele ya boksi lile lile. Mama lishe anahitaji simu inayoshika mtandao vizuri, yenye sauti ya kusikika sokoni, inayodumisha chaji kutwa, na iliyo salama kwa miamala. Mwanachuo wa ualimu anayesoma vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu anahitaji kioo kikubwa kisichochosha macho na ghala la kutosha, na kamera ya kupiga picha ubao inamtosha. Mkulima mzee anahitaji maandishi yanayoweza kukuzwa na kioo kinachosomeka juani. Yeye boksi humjivunia kufungua simu kwa alama ya kidole, ilhali vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka arobaini mara nyingi havisomeki. Simu moja haiwezi kuwa bora kwa wote watatu. Neno "bora" halina maana mpaka liongezewe "kwa nani".

Haki inadai niseme pia mahali waandishi na watengenezaji wa simu walipofaulu. Nokia 1100 ya mwaka 2003, ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 250, ilitengenezwa kwa kufikiria vumbi, mikono yenye jasho na usiku usio na taa. Ndiyo maana ilikuwa na batani zisizoingia vumbi, ubavu usioteleza, na tochi. Watu wa kwetu waliipokea, na mpaka leo simu za namna hiyo tunaziita vitochi. Baadaye kampuni ya Transsion ya China, inayotengeneza Tecno, Itel na Infinix, ilijipatia soko la Afrika kwa kuona kwamba Mwafrika hutumia laini mbili, huhitaji betri kubwa, na kwamba kamera nyingi ziliitia giza sura ya mtu mweusi. Huko ndiko kuanza na mahitaji. Watengenezaji waliofaulu kwetu walianza kwa kumtazama mtumiaji, na namba zikafuata. Mnunuzi naye afuate utaratibu huo huo.

Najua yapo mabishano. Wapo watakaosema kwamba simu ni heshima pia, na kwamba mtu haendi kwenye kikao cha harusi na kitochi. Sipuuzi hoja hiyo. Heshima ni hitaji la binadamu kama mengine. Ndiyo maana tunavaa suti siku ya mahafali. Ninachoomba ni kwamba mnunuzi aiandike heshima katika orodha yake waziwazi na kuipangia fedha. Aseme, "Laki moja hii ni ya heshima." Akishasema hivyo ataweza kuamua kama inafaa. Hatari ni pale heshima inapojificha nyuma ya megapikseli, mtu akadhani ananunua uwezo kumbe ananunua sura.

Hatari hiyo huongezeka pale panapo mkopo. Kando ya boksi siku hizi hubandikwa karatasi yenye namba moja kubwa: kiasi cha kulipa kwa siku. Tuchukulie mfano wa kubuni. Simu inauzwa shilingi 300,000 taslimu. Kwa mkopo unatanguliza 60,000, kisha unalipa 1,300 kila siku kwa mwaka mmoja. Elfu moja na mia tatu ni bei ya soda na mandazi, haimshtui mtu. Lakini mara 365 ni 474,500, na ukiongeza kitangulizi unapata 534,500. Simu ya laki tatu imekula laki mbili na thelathini na nne na nusu zaidi. Namba hiyo ya jumla ndiyo isiyoandikwa kwa wino mzito.

Pia simu za mkopo wa namna hiyo hufungwa kwa mbali malipo yakichelewa. Mwalimu mmoja kijana ninayemfahamu, mweka hazina wa kikoba cha akina mama, aliweka hesabu zote za kikundi katika simu ya mkopo. Mshahara ulipochelewa, simu ikafungwa. Laini aliitoa akaiweka katika kitochi, na fedha zikapatikana, lakini daftari la hisa na mikopo lilibaki ndani. Kwa siku tisa akina mama ishirini na wawili hawakuweza kugawana wala kukopeshana, na baadhi yao walianza kumtazama kwa jicho ambalo mweka hazina hapendi kutazamwa nalo. Simu ilikuwa nzuri, na kila namba ya boksi lake ilikuwa ya kweli. Haikufaa tu kwa kazi aliyoipa. Uaminifu wa mtu uliojengwa kwa miaka mingi haufai kuwekwa mahali panapoweza kufungwa na mtu mwingine akiwa ofisini kwake.

Hukumu yangu ni hii. Kifani, boksi la simu limefaulu, maana linavutia na linauza. Kimaudhui limeshindwa, kwa sababu linajibu maswali ambayo mnunuzi hakuyauliza na kuyanyamazia yale yanayomhusu. Kwa kuwa hatuwezi kumlazimisha mwandishi wake aandike upya, hapana budi msomaji abadilike.

Kabla ya kwenda dukani, kaa nyumbani uandike kwenye karatasi mambo matatu ambayo simu hiyo itayafanya kila siku, na fedha uliyo nayo bila kukopa. Ukifika dukani usilisome boksi kwanza. Muulize mwenye duka maswali haya: Simu hii inatumia toleo lipi la Android, na marekebisho ya usalama ya mwisho ni ya mwezi gani? RAM ya kweli ni ngapi, bila ile ya kuazima? Betri na kioo chake vinapatikana kwa fundi wa mji wangu, na kwa bei gani? Dhamana ni ya muda gani, na imeandikwa wapi? Kama ni mkopo, jumla yote ni shilingi ngapi, na nikichelewa siku moja kitatokea nini? Kisha bonyeza *#06# uone kama namba ya utambulisho inalingana na iliyochapwa kwenye boksi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozizima simu bandia, wengi walikuta wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Washa simu, piga, sikiliza sauti, toka nayo nje uitazame juani.

Muuzaji asiyeweza kukujibu si lazima awe mwongo; yamkini naye hajui zaidi ya boksi. Mshukuru, nenda duka la pili. Tumeamua kuziita simu hizi simu janja, jina ambalo limeenea kuliko simumahiri. Sina haja ya kulipinga. Ila kitu kikishaitwa janja, anayekwenda kukinunua na awe mwangalifu.